Jinsi ya kubuni kipima damu cha hadithi ya kisayansi bila kuua kisa chako

Kifaa hiki umeshakutana nacho. Daktari wa meli ya anga anakigusisha shingoni mwa mgonjwa, kinalia kidogo, taa inabadilika rangi, na papo hapo skrini inataja kirusi, sayari kilikotoka na dawa yake. Mwandishi anadhani amerahisisha mambo. Kumbe amejinyima kurasa nyingi tamu: hofu, ubishi, usiku wa kusubiri majibu, mtu anayeficha mkono nyuma ili asichomwe. Vyote vimekwisha kwa mlio mmoja.

Mwongozo huu ni wa kuunda kipima damu chako mwenyewe, cha meli au kituo chochote ulichokibuni, kwa namna ambayo hata msomaji anayefanya kazi maabara hatafunga kitabu. Shauri langu ni uanze na udhaifu wake. Nguvu za kifaa kila mtu anaweza kuzitunga. Kinachobeba kisa ni pale kinaposhindwa. Na huhitaji kuubuni udhaifu huo, kwa kuwa damu halisi ina vikwazo ambavyo teknolojia ya karne yoyote haitaviondoa.

Nitatumia kifaa kimoja cha mfano mwanzo hadi mwisho. Kwenye orodha ya vifaa vya meli kimeandikwa Kichanganuzi cha Damu cha Idara ya Tiba, lakini wafanyakazi wote wanakiita Kupe. Hilo nalo lichukue: kipe kifaa chako jina refu la ofisini, kisha waache wanaochomwa nacho wakitafutie la kwao.

Hatua ya 1: Chagua kinachotafutwa

Damu si kitu kimoja. Mtu mzima ana takriban lita 5, na zaidi kidogo ya nusu ni plazma, yaani maji ya manjano yaliyobeba chumvi, sukari, mafuta na protini. Sehemu iliyobaki karibu yote ni chembe nyekundu, milioni 4 hadi 6 katika kila mikrolita moja, yaani sehemu ya elfu ya mililita. Chembe nyeupe ni chache mno zikilinganishwa nazo, kama 4,000 hadi 11,000 katika kiasi hichohicho.

Kwa mwandishi, vipimo vya damu vinaangukia makundi manne. Kuna kuhesabu chembe na kuangalia umbo lake. Kuna kemikali ndogo: sukari, potasiamu, oksijeni. Kuna protini, zikiwemo kingamwili na homoni. Na kuna vinasaba. Kila kundi lina njia yake ya kupimwa, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, wakidhani mwanga mmoja unatosha kwa yote manne. Kuhesabu chembe, kwa mfano, kulirahisishwa na Mmarekani Wallace Coulter, aliyepata hataza yake mwaka 1953: chembe zinapitishwa moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme, na kila inayopita inauzuia umeme kidogo, mashine inahesabu. Njia hiyo haiwezi kukuambia lolote kuhusu homoni.

Kwa hiyo kipe kifaa makundi mawili kinayoyaweza vizuri, moja linalokibabaisha, na moja kisilolijua kabisa. Kupe anahesabu chembe na kupima kemikali bila shida. Kwenye protini anategemea katriji, vile vibweta vidogo vya kipimo vinavyopachikwa ndani yake: una katriji ya homa ya ini, unapima homa ya ini, huna, hupimi. Vinasaba hajui.

Hapo kwenye katriji pana kitu cha thamani. Kipimo cha kingamwili kinapata kile tu kilichotengenezewa kukitafuta. Ugonjwa mpya kutoka sayari ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga hauna katriji, na Kupe ataandika "hasi" kwenye kila mstari huku mgonjwa akitetemeka mbele yake. Kuusaka ugonjwa usiojulikana kunahitaji kusoma vinasaba, na si lazima uombe ruhusa ya karne ijayo kwa hilo: Agosti 2016 mwanaanga Kate Rubins alisoma DNA akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa kifaa kinachoshikika kwa mkono mmoja. Lakini herufi ulizozisoma zinahitaji maktaba ya kuzilinganisha. Kama meli yako imepoteza mawasiliano na nyumbani, wahusika wana kitabu kizima mkononi na hawana kamusi.

Onyo moja la haraka kabla hatujasonga: usiandike kwamba daktari alitoa DNA ya binadamu kwenye chembe nyekundu. Chembe nyekundu za mamalia zilizokomaa hazina kiini. DNA inatoka kwenye chembe nyeupe. Ndege, kwa upande wao, wana viini kwenye chembe zao nyekundu, kwa hiyo kama kiumbe chako wa kigeni ana asili ya kindege, uko huru.

Hatua ya 2: Amua damu inaingiaje, na kiasi gani

Hii ndiyo hatua inayotenganisha kifaa kinachoaminika na kiinimacho.

Njia ya kwanza ni kutotoboa kabisa. Kuna vitu ambavyo mwanga unavisoma kupitia ngozi, na oksijeni ni mfano mzuri. Vile vifaa vinavyobanwa kidoleni, ambavyo kanuni yake ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hurusha mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na mwingine usioonekana wa 940 hivi, kisha vinalinganisha ni upi umemezwa zaidi. Ni kazi ya akili sana. Ila ina mipaka miwili mikubwa. Hewa ya moshi, yaani kaboni monoksaidi, hung'ang'ania himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, kwa nguvu inayozidi mara 200 ya oksijeni, na kifaa cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Mtu anakufa kwa moshi huku namba zikimsifu. Na mwaka 2020 utafiti uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba nchini Marekani vifaa hivyo vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa weupe. Kama wafanyakazi wa meli yako wana ngozi za rangi mbalimbali, na kifaa kilijaribiwa kwa watu wa aina moja, tayari una mgogoro wa haki ndani ya chumba cha tiba bila kuongeza mhalifu yeyote.

Sukari bado inawashinda wanaotaka kuipima kwa mwanga. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Hakuna hata moja iliyokuwa imeidhinishwa.

Njia ya pili ni tone la kidoleni. Hapa kuna hesabu unayopaswa kuijua kuliko nyingine zote. Tone zuri lina mikrolita 50 hivi. Chukulia bakteria wamo damuni kwa kiasi cha mmoja tu katika kila mililita, jambo ambalo hutokea kweli kwa mtu mzima aliyeingiwa na maambukizi ya damu. Mililita moja ni matone 20 ya namna hiyo. Ukichoma kidole mara moja, uwezekano wa kumnasa huyo bakteria ni karibu asilimia 5. Mara 95 kati ya 100 tone lako ni safi kabisa, na mashine iliyo bora kuliko zote ulimwenguni itasema hakuna kitu, na itakuwa imesema kweli. Ndiyo maana hospitalini, wanapotaka kuotesha damu, yaani kuwaacha bakteria waliomo wazaliane hadi waonekane, wanajaza chupa kwa mililita 8 hadi 10, si moja bali mbili au zaidi.

Hakuna karne itakayoifuta hesabu hiyo. Kirusi ambacho hakimo kwenye tone hakisomeki.

Wasomaji wa leo wameshaonja jambo hili kwenye habari pia. Kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, iliahidi vipimo lukuki kutoka matone machache ya kidole. Ilivunjwa mwaka 2018, na Januari 2022 mwanzilishi wake Elizabeth Holmes alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji. Tangu hapo, ukiandika "tone moja, vipimo mia mbili", msomaji anaanza kumtafuta tapeli. Unaweza kuutumia mwelekeo huo: mpe muuza vifaa wa kituo cha anga maneno hayohayo, na msomaji atamshuku kabla mhusika mkuu hajamshuku.

Njia ya tatu ni mshipa na sindano. Inachelewesha, inatisha, inahitaji mkono wenye uzoefu, na meli ikitikisika inakuwa mtihani. Kwa hadithi hizo zote ni sifa. Kupe anakubali tone kwa kemikali, lakini ukitaka ahesabu vimelea anadai sindano nzima, na hapo ndipo mgonjwa anapoanza kubishana.

Hatua ya 3: Weka muda, na ujue ni muda wa nani

Kuna muda wa mashine na kuna muda wa mwili. Wa mashine unaweza kuufupisha upendavyo. Sukari leo inatoka kwa sekunde chache, kipimo cha haraka cha malaria kwa dakika 15 hadi 20, na kuotesha damu kunaweza kuchukua siku 5 kabla maabara haijakata tamaa. Ukisema karne ijayo vyote vinatoka kwa dakika moja, sawa.

Muda wa mwili ni mgumu zaidi. Mtu aliyeambukizwa jana bado hana kingamwili. Mwili wake haujazitengeneza. Kwa virusi vya UKIMWI, hata kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe huhitaji takriban siku 10 hadi 33 tangu siku ya maambukizi ndipo kikione. Kwa moyo ni hivyohivyo: mtu anayeshika kifua sasa hivi anaweza kuwa na kipimo cha troponini cha kawaida kabisa, kwa sababu protini hiyo huchukua saa kadhaa kuvuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia. Ndiyo maana madaktari hurudia kipimo.

Hivyo basi, kama msafara wako umerudi kutoka kwenye pango lenye spora za ajabu, Kupe anaweza kuwapima wote na kuwatangaza wote wazima, na bado mmoja wao akawa ameambukizwa. Nahodha mwenye busara atasema karantini iendelee. Nahodha mwenye haraka atasema majibu si yametoka? Hakuna mpumbavu hapo. Kila mmoja ana hoja, na msomaji atagawanyika nao.

Hatua ya 4: Damu ya nani?

Hata kabla ya kufikia viumbe wa kigeni, binadamu wa angani hana damu ya binadamu wa ardhini. Bila uzito, majimaji ya mwili hupanda kuelekea kichwani, mwili unadhani una maji mengi kupita kiasi, na plazma inapungua ndani ya siku chache za mwanzo. Utafiti uliotoka mwaka 2022 katika jarida la Nature Medicine, uliowafuata wanaanga 14 kwa safari za miezi 6, ulikuta miili yao inaharibu chembe nyekundu kama milioni 3 kila sekunde, wakati ardhini huharibika milioni 2. Sasa jiulize: Kupe ameandikiwa viwango vya kawaida vya wapi? Kama ni vya ardhini, nusu ya meli itawaka taa nyekundu wakiwa wazima. Kama ni vya angani, siku wakitua atawapitisha wagonjwa wa kweli. Na mtoto aliyezaliwa kituoni, ambaye hajawahi kukanyaga ardhi, yeye ni kawaida kwa kipimo kipi?

Mambo madogo ya ufundi nayo yanabadilika. Bila uzito damu haitulii ikaacha chembe chini na plazma juu, na mapovu hayapandi yenyewe. Povu moja ndani ya mrija mwembamba wa Kupe linahesabiwa kama chembe kubwa mno, au linaziba njia. Fundi anayekipigapiga kifaa kwa kidole ili povu litoke ni picha ndogo inayomwambia msomaji kuwa mko mbali na ardhi kuliko aya nzima ya nyota.

Kwa viumbe wa kigeni, usikimbilie kubuni kabla hujatazama hapahapa duniani. Pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa sababu oksijeni yake inabebwa na himosianini yenye shaba badala ya chuma. Damu hiyo ikikosa oksijeni inakaribia kutokuwa na rangi. Baadhi ya minyoo ya baharini ina damu ya kijani. Kuna mijusi wa New Guinea, jenasi ya Prasinohaema, ambao damu, misuli na hata mifupa yao ni ya kijani kwa wingi wa biliverdini, takataka ya himoglobini ambayo kwa kiwango hicho ingekuwa sumu kwetu. Na kwenye maji ya baridi kali ya Antaktika wanaishi samaki wasio na himoglobini kabisa. Damu yao inapitisha mwanga, na oksijeni inasafiri ikiwa imeyeyuka tu kwenye plazma, kwa kuwa maji ya baridi huyeyusha oksijeni nyingi zaidi.

Chagua mmoja, kisha mfikishe mbele ya Kupe. Kifaa kinachotafuta himoglobini kwa mwanga mwekundu kitamwona mwenye damu ya shaba kama maiti. Kitaandika sifuri ya oksijeni huku yeye akikuangalia na kuuliza kama umemaliza. Ni kichekesho kizuri, na ukitaka kinageuka kuwa jambo zito: fikiria kituo ambacho sheria yake inatambua "aliye hai" kwa kadiri mashine inavyosema.

Hatua ya 5: Kifundishe kukosea

Nikiulizwa ni hatua ipi ya kutumia muda mwingi, ni hii. Kifaa kinachokosea ovyo kinaudhi, kwa kuwa msomaji anaona mkono wa mwandishi. Kifaa kinachokosea kwa sababu inayoeleweka kinafurahisha, kwa kuwa msomaji angeweza kuligundua kosa mwenyewe.

Kosa la kwanza liko kabla ya mashine. Potasiamu ndani ya chembe nyekundu ni zaidi ya mara 20 ya iliyo kwenye plazma. Mchomaji akikosa damu, akaanza kuukamua ule ubavu wa kidole kwa nguvu, chembe zinapasuka na potasiamu inamwagika. Kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, mashine inaandika 7, kiasi cha kusimamisha moyo, na watu wanakimbilia dawa ambayo mgonjwa haihitaji. Kupe hana kosa. Kosa ni kidole gumba cha nesi aliyechoka. Hali kadhalika damu iliyoachwa mezani: chembe zinaendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na zikipita saa sita mgonjwa wa kisukari anaonekana nafuu. Halafu kuna chupa. Ile ya kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, EDTA, ambayo mara nyingi ni chumvi ya potasiamu na inanyonya kalsiamu. Ukimimina kutoka chupa hiyo kwenda nyingine, unapata potasiamu juu na kalsiamu chini, majibu ya mtu ambaye hayupo duniani. Mtaalamu wa maabara mzoefu akiona namba hizo mbili pamoja anauliza kimya kimya, "Nani kachanganya chupa?" Mpe mhusika wako swali hilo. Linatosha kumfanya msomaji aamini kwamba amefanya kazi hiyo miaka yote.

Kosa la pili ni tamu kuliko yote, na sijui kwa nini waandishi hawalitumii. Vipimo vingi vya protini hunasa kitu kinachotafutwa kati ya kingamwili mbili, moja ikiwa imeshikwa kwenye katriji na nyingine ikiwa na rangi. Kitu hicho kikizidi mno, kinazijaza kingamwili zote mbili kila moja kwa upande wake, hazikutani, na mstari hautokei. Mgonjwa aliyezidiwa kuliko wote anapata hasi. Dawa yake ni kuichanganya damu na maji ya chumvi na kupima tena. Ndipo inapogeuka chanya kali. Hebu ona unachoweza kufanya na hilo: meli nzima imepimwa, wenye dalili ndogo wamefungiwa, na aliye hatari zaidi anatembea kwenye korido akiwa na cheti cha usafi.

Kosa la tatu ni la hesabu. Meli ina watu 2,000, na walioambukizwa ni 2 tu. Kupe ni sahihi kwa asilimia 99 pande zote. Akiwapima wote, atawanasa wale 2, lakini pia atawabandikia ugonjwa asilimia 1 ya wazima, yaani watu 20 hivi. Unabaki na 22 waliofungiwa, na 20 kati yao hawana kitu. Kifaa hakijaharibika wala hakuna aliyedanganya. Nahodha asiyeijua hesabu hii atawatendea wote 22 sawasawa, na kama kutendewa huko ni kutupwa nje ya meli, tayari una riwaya.

Kosa la nne ni vipimo vya namba. Sukari inaandikwa kwa namna mbili duniani hadi leo, milimoli kwa lita na miligramu kwa desilita, na ya pili ni mara 18 ya ya kwanza. Weka meli mbili zilizounganishwa kwa dharura, kila moja na desturi yake:

"Sukari ngapi?"
"Ishirini, Daktari."
"Mchomeni glukosi haraka, huyu anatuondokea."
"Daktari, ishirini. Sisi kwetu hapo tunatoa insulini."

Ishirini ya meli moja ni sukari iliyoshuka hadi ukingo wa kifo. Ishirini ya meli nyingine ni 360 ya wale wengine, iliyopanda vibaya. Tiba zake ni kinyume kabisa, na yeyote atakayekosea anaua. Hakuna mlipuko, hakuna jini la angani, na bado msomaji ameshika pumzi.

Hatua ya 6: Kilishe na kichoshe

Kipima damu kinakula. Kinahitaji vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, sindano, katriji, maji safi, na mahali pa kutupa vilivyotumika. Vitendanishi vina tarehe ya mwisho na vingi vinataka ubaridi. Safari ya miaka tisa yenye katriji za miaka miwili ni tatizo ambalo mtunza stoo atalijua kabla ya daktari, na huyo mtunza stoo anaweza kuwa mhusika wako bora: ndiye anayejua kuwa zimebaki katriji 11 na watu 40, na ndiye atakayebisha hodi usiku kwa nahodha.

Kila asubuhi kifaa cha kweli hupimwa kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana, kuona kama bado kinasema kweli. Weka desturi hiyo kwenye sura ya kwanza, kwa mstari mmoja tu, mtu akiwa anapiga miayo. Kwenye sura ya kumi na mbili, mtu akiiruka kwa sababu ya haraka, hutalazimika kueleza chochote.

Hatua ya 7: Damu inakumbuka, amua nani anaisoma

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na sukari hung'ang'ania himoglobini yake siku zote hizo. Kipimo cha HbA1c kinasoma wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Mtu anaweza kufunga kula siku mbili kabla ya uchunguzi, akaleta sukari nzuri ya asubuhi, na HbA1c ikamuumbua. Pombe nayo huacha alama, fosfatidiletanoli, inayoweza kuonekana damuni kwa wiki kadhaa.

Kwa mwandishi wa upelelezi hiyo ni hazina. Lakini kuna upande mwingine, nao ni wa kuamua mapema: majibu ya Kupe yanakwenda wapi? Kwa daktari peke yake, au kwa nahodha pia, au kwa kampuni inayomiliki meli? Kifaa kinachopima ujauzito, ulevi na ukoo kwa sindano moja kinamweka daktari mahali pagumu hata siku ambayo hakuna mgonjwa. Mimi ningeanza hadithi hapo, kabla ya virusi vyovyote.

Hatua ya 8: Andika tukio, kisha lichome

Sasa kaa uandike. Toleo la kwanza la wengi linakuwa hivi: "Daktari alimpima damu fundi wa injini. Kifaa kilionyesha ameambukizwa." Limekamilika, na halina maisha. Jaribu upya ukiwa na Kupe wetu:

Fundi alitoa kidole cha pete, kile kisicho na sugu. Nesi alikipangusa kwa spiriti, akasubiri kikauke, akachoma pembeni. Tone la kwanza alilifuta. La pili ndilo alilomlisha Kupe. Mapovu mawili yaliingia mrijani. Akagonga ubavu wa kifaa kwa ukucha mpaka yakaondoka.
"Hasi," akasema.
"Basi nirudi kazini."
Nesi hakumwachia mkono. Kiganja kilikuwa kinaunguza. "Kaa kwanza, kaka. Nichanganye na maji ya chumvi, nipime tena."

Hakuna maelezo ya kisayansi hata sentensi moja, ila msomaji anaona kwamba nesi anajua kitu ambacho mashine haikijui. Tone la kwanza kufutwa ni desturi ya kweli: huwa limechanganyika na majimaji ya ngozi na mabaki ya spiriti. Maelezo mengine yote uliyoyakusanya kwenye hatua zilizotangulia, yaweke kwenye daftari lako. Msomaji anahitaji sehemu ndogo sana ya hayo, na anayahisi mengine kwa jinsi wahusika wanavyoshika vitu.

Ukimaliza rasimu, ukaguzi wa mwisho una sehemu mbili. Kwanza, kifute kifaa kwenye sura nzima na usome. Kama kisa kinaendelea vilevile, kifaa chako ni pambo. Rudi hatua ya 5. Pili, mpe rasimu mtu anayefanya kazi maabara, usimwambie unatafuta nini, na umwombe aweke alama pale tu ambapo yeye angefanya tofauti. Akirudisha karatasi ikiwa na alama pembeni mwa kidole, chupa au muda, rekebisha bila ubishi. Akiweka alama pembeni mwa kiumbe mwenye damu ya kijani, huyo mwache kama alivyo.